Maji ya Shamba na Maji ya Kunywa: Chanzo ni Kimoja, Kitunze Kabla Hujawasha Pampu

Leo tunaacha kidogo habari za mbegu na bei ya nyanya, tuongelee kitu ambacho wengi tunakikumbuka kikishakauka: maji. Na siongelei maji ya kumwagilia peke yake. Naongelea pia maji anayokunywa mama yako, mtoto wako, na wale vibarua wanaokupalilia.

Kwa nini nawaambia ninyi mnaolima kibiashara? Kwa sababu vijijini kwetu kisima, kijito au chemchemi inayomwagilia pilipili hoho zako ndiyo hiyo hiyo inayojaza ndoo za majirani. Mkulima wa zamani alichota kwa ndoo, na ndoo ina kikomo. Wewe umekuja na pampu, mbolea na viuatilifu. Bila kukusudia, unaweza kuwa mtu mmoja anayemaliza maji ya kitongoji kizima au anayeyachafua. Ukijipanga vizuri, unaweza pia kuwa ndiye anayeyaokoa. Twende hatua kwa hatua. Chukua daftari na kalamu, kuna hesabu.

1. Jua shamba lako linakunywa kiasi gani

Kanuni ni nyepesi: milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga kipindi cha jua kali huweza kuhitaji kama milimita 5 kwa siku. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Zidisha mara 5, unapata lita 20,235 kwa siku. Hayo ni maji ambayo mmea wenyewe unayataka, bado hujahesabu yanayopotea njiani.

Sasa linganisha na binadamu. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, tena zipatikane ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Gawa 20,235 kwa 25. Ekari yako moja ya nyanya inakunywa sawa na watu zaidi ya 800. Rudia tena hesabu hiyo kama huamini.

Simaanishi uache kumwagilia. Namaanisha ujue ukubwa wa kijiko chako kabla hujakitumbukiza kwenye chungu cha wote.

Njia ya kumwagilia nayo inabadilisha hesabu. Kwa mifereji, takriban asilimia 60 tu ya maji ndiyo hufika kwenye mizizi. Kwa matone, yaani dripu kama tulivyozoea kuita, ni kama asilimia 90. Kwa ekari ile ile, mfereji utakulazimu kuvuta karibu lita 33,700 kwa siku, matone karibu lita 22,500. Tofauti ni lita 11,200, ambazo ni maji ya watu karibu 450. Na kwako wewe ni mafuta ya pampu unayoyachoma bure. Ukiongeza matandazo ya nyasi na kumwagilia alfajiri au jioni, unapunguza zaidi.

2. Pima uwezo wa kisima, usikadirie kwa macho

Wengi wanafeli hapa. Mtu anachungulia kisima mwezi wa Aprili, anaona maji yamejaa, anapanda ekari mbili. Ikifika Septemba analia.

Pima mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yapo chini kabisa. Fanya hivi:

- Asubuhi kabla watu hawajachota, shusha kamba yenye jiwe, pima kina cha maji.
- Vuta maji mpaka kina kipungue mita 1. Zima.
- Angalia saa. Kisima kinachukua muda gani kurudi pale kilipokuwa?

Tuchukue mfano wa kisima cha ringi chenye upana wa mita 1.2. Kila mita moja ya maji humo ndani ina lita kama 1,130 (3.14 × 0.6 × 0.6 × 1, halafu zidisha mara 1,000). Kama mita hiyo inarudi kwa saa 4, kisima kinatoa karibu lita 280 kwa saa, au lita 6,780 kwa siku nzima.

Sasa toa maji ya watu kwanza. Kama kaya 40 zenye watu watano watano zinakitegemea, hao ni watu 200, mara lita 25, ni lita 5,000. Unabakiwa na lita 1,780. Kwa matone zinatosha mita za mraba kama 320. Hiyo ni bustani nzuri ya mchicha au kitalu cha miche. Sio ekari. Kama mpango wako ulikuwa ekari, tafuta chanzo kingine au vuna maji ya mvua, usipange kwa kutegemea ndoo za majirani.

3. Kisima kikae wapi, kijengwe vipi

Kama unachimba kipya, kiweke umbali usiopungua mita 30 kutoka kwenye choo, zizi, shimo la taka na rundo la samadi. Na kikae upande wa juu wa mteremko. Maji ya ardhini nayo yana mwelekeo, mara nyingi yanafuata mteremko. Choo kikiwa juu na kisima chini, unajua mwenyewe kitakachofuata. Upande wa choo, chini ya shimo lake kubaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini.

Ujenzi usikose vitu hivi: ringi za zege au matofali ya kuchoma yaliyozibwa vizuri mita 3 za juu, ukingo ulioinuka juu ya ardhi, sakafu ya zege kuzunguka kisima, mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali, na mfuniko. Ndoo ya kuchotea iwe moja, inayoning'inia, isiyolazwa chini. Ukiweza kufunga pampu ya mkono na kufunika kabisa, bora zaidi. Zungushia uzio, mbuzi hajui maana ya mfuniko.

Halafu nisikilize vizuri hapa. Pampu ya petroli iliyo juu ya ardhi inavuta maji kutoka kina cha kama mita 7 tu. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, vijana wengine wanaamua kuishusha pampu ndani ya kisima. Usifanye hivyo hata siku moja. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo inajaa ndani ya shimo. Anayeshuka kuwasha au kurekebisha anaanguka, na anayeshuka kumwokoa naye anaanguka. Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzamisha, ya umeme au ya jua, au pampu ya mkono. Na hata pampu ya juu, iweke mbali kidogo na mdomo wa kisima, juu ya sinia la kukinga mafuta yanayovuja.

4. Sumu na mbolea zisirudi kwenye kisima

Kosa la kawaida ninaloliona: mtu anachanganya dawa pembeni ya kisima kwa sababu maji yapo karibu. Dawa inamwagika, mvua ikinyesha inaingia. Chukua maji kwa ndoo, nenda ukachanganyie shambani, mbali na chanzo.

Kosa la pili halionekani kwa urahisi. Umejaza pipa la dawa kwa mpira unaotoka kwenye pampu, na mdomo wa mpira umezama ndani ya pipa. Pampu ikizimika ghafla, maji yanarudi nyuma, na yakirudi yanavuta dawa kutoka kwenye pipa mpaka ndani ya kisima. Suluhisho ni la bei ndogo: funga valvu ya kuzuia maji kurudi, na mdomo wa mpira ubaki juu ya pipa, usiguse dawa. Wanaoweka mbolea kwenye mfumo wa matone, valvu hiyo kwenu ni lazima.

Bomba la kupulizia lisioshwe mtoni. Lioshee shambani, na maji ya kuoshea yapulizie kwenye zao lile lile. Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara 3, maji ya kusuuza mimina kwenye bomba la kupulizia, kisha toboa chupa ili mtu asije akaibeba. Dumu la dawa haligeuki kuwa dumu la maji ya kunywa, hata ukilisugua kwa mchanga wiki nzima.

Mbolea nayo. Urea na samadi vikizidi kipimo, nitrati inashuka na maji mpaka ardhini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo: damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri. Weka mbolea kidogo kidogo kwa awamu, karibu na shina, wakati mmea unaihitaji. Mfuko wako wa mbolea nao utadumu.

Na kando ya mto, ziwa au bwawa, sheria zetu za mazingira na za rasilimali za maji zinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Najua udongo wa pale ni mtamu. Lakini ndio unaochuja uchafu kabla haujaingia mtoni, na ndio unaozuia kingo zisibomoke.

5. Maji ya kunywa: ya familia na ya vibarua

Maji kuwa maangavu haina maana ni salama. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Kipimo cha maabara kinatakiwa kionyeshe hakuna hata kimelea kimoja cha kinyesi, yaani *E. coli*, katika mililita 100. Njia za nyumbani ni hizi:

- Kuchemsha. Yachemke mpaka yatokote kabisa, yaachie dakika 1. Walio milimani juu ya mita 2,000, dakika 3.
- Klorini ya dukani. Kama maji yana tope, yaache yatuame, chuja kwa kitambaa safi, ndipo uweke dawa. Tope linaila nguvu klorini. Fuata kipimo cha kwenye chupa, subiri dakika 30 ndipo mnywe.
- Jua. Chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, zijaze maji maangavu, zilaze kwenye bati saa 6 za jua. Siku za mawingu, ziache siku 2.

Baada ya hapo hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Kikombe kinachozamishwa na kila mkono kinarudisha uchafu wote ulioutoa.

Lakini kuchemsha kuna mipaka. Hakuondoi nitrati, hakuondoi sumu za shambani, wala hakuondoi floraidi. Ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga mnaijua floraidi kwa meno ya kahawia, na ikizidi miaka mingi inakunja hadi mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukichemsha, maji yanapungua na floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Huko kipimo cha maabara kabla ya kunywa maji ya kisima kipya sio anasa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa.

Njia nyingine ya kuikwepa ni mvua, kwa sababu maji ya bati hayana floraidi ya ardhini. Simtanki la lita 5,000 kwa familia ya watu 6, wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika tu, linakaa siku 166. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano, kiangazi chote. Mvua ya kwanza iache ioshe bati na mifereji kabla hujaanza kukinga, na tenki lifunikwe mbu wasizaliane.

Na vibarua wako? Wapelekee maji salama shambani, kwenye ndoo ya koki, pamoja na maji na sabuni ya kunawa. Ukiwaacha wanywe mtaroni, wiki ya kuvuna nusu yao watakuwa zahanati na nyanya zitaiva zikiwasubiri. Wanaosimama kwenye mifereji na majaruba wavae mabuti, kichocho kinaingia kupitia ngozi. Pia mboga za kuliwa mbichi, kama saladi na karoti, zisuuze kwa maji safi kabla ya kupeleka sokoni. Wanunuzi wa nje na hoteli wameanza kuuliza maji yako yanatoka wapi. Cheti cha kipimo cha maji ni sehemu ya biashara.

6. Kusafisha kisima kilichochafuka

Baada ya mafuriko, au mnyama akitumbukia, au ukimaliza ukarabati, fanya hivi:

1. Ondoa uchafu na tope, toa maji machafu kadiri inavyowezekana, acha kisima kijae upya.
2. Piga hesabu ya maji yaliyomo. Kisima chetu cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 3 kina lita karibu 3,400.
3. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70: koroga gramu 3 kwa lita 1 ya maji. Kila lita 100 za kisima zinataka lita 1 ya mchanganyiko huo. Kwa lita 3,400 unahitaji lita 34, sawa na gramu 100 hivi za unga.
4. Mimina kwa kuzunguka kuta zote, koroga kwa ndoo, funika, acha usiku kucha. Tangaza mapema, mtu asichote.
5. Kesho yake vuta maji mpaka harufu kali ya klorini iishe. Usiyamwage kwenye bustani wala kwenye kijito.

Vaa glavu na miwani, changanyia nje penye hewa. Ni vizuri kumwita afisa afya wa kata asimamie. Na kama kilichoingia kisimani ni sumu ya shambani, klorini haiiondoi. Funga kisima, toa taarifa.

7. Sheria na majirani

Maji ya matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali. Lakini ukivuta, kuchepusha au kuhifadhi maji kwa umwagiliaji wa biashara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakutaka uwe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya bonde lako. Tanzania Bara ina mabonde 9: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma, Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa, Bonde la Kati, Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Kibali kina gharama na usumbufu wake, sikatai. Lakini siku ya mgogoro ndicho kinachokulinda. Na taasisi ya fedha ikikuuliza uhakika wa maji kabla ya mkopo, una cha kuonyesha.

Mabomba ya kijiji yako chini ya RUWASA, iliyoanza kazi Julai 2019, na kwa ngazi ya jamii yanaendeshwa na chombo cha watumia maji, CBWSO. Usichomeke mpira wa shamba kwenye kituo cha kuchotea maji. Bomba lile limepigiwa hesabu ya ndoo, sio ya ekari. Badala yake ingia kwenye mkutano wao. Wewe unajua pampu, unajua kutunza hesabu, unajua spea ya kweli na ya bandia. Mabomba mengi vijijini hayafi kwa kukosa maji, yanafa kwa kukosa mtu wa kuweka akiba ya fedha na kubadilisha kifaa kidogo kwa wakati.

Katika kata moja niliyofanyia kazi, vijana wanne walikuwa wakivuta maji usiku kucha kumwagilia vitunguu. Akina mama wakifika saa 11 alfajiri wanakuta tope. Maneno yakawa makali, ikabaki kidogo mipira ikatwe kwa panga. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaita wote chini ya mwembe. Wakakubaliana: alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi saa 1 jioni, pampu zinazimwa, kisima ni cha ndoo. Vijana wakachangia mfuniko na sakafu ya zege. Wawili walihamia kwenye matone, wengine wawili wakapunguza eneo. Vitunguu vilivunwa, na msimu uliofuata hakuna aliyelala shambani kulinda mipira.

Tukipuuza, mfano mkubwa tunao. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kuanzia miaka ya 1990 ulianza kukauka kiangazi sehemu za chini ya Usangu, na matumizi makubwa ya maji ya kilimo huko juu ni moja ya sababu. Mto mzima, sio kisima.

Kazi ya wiki hii

- Pima kisima chako kwa kamba na saa, andika tarehe na matokeo.
- Hesabu kaya zinazotegemea chanzo hicho, toa maji yao kwanza, ndipo ujue ekari zako.
- Pima hatua kutoka kisimani hadi chooni na zizini.
- Angalia kama pampu yako ina valvu ya kuzuia maji kurudi.
- Nunua ndoo ya koki kwa ajili ya vibarua.
- Peleka sampuli ya maji maabara kupitia ofisi ya maji ya wilaya. Waulize kwanza chupa ya kuchukulia, usibebe kwenye chupa ya soda.

Ukikwama kwenye hesabu, mfuate afisa ugani wa kata yako na daftari lako mkononi. Ni haki yako, na ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Kisima kikitunzwa, utalima msimu huu na msimu ujao, na mtoto wa jirani atakunywa bila kuugua. Kazi njema shambani.